Dola Imeshuka Redioni, Belo Halijashuka Kibuye

Mwishoni mwa Machi 2024 nilikuwa soko la Kibuye hapa Kisumu, Jumapili asubuhi, nikipekua mashati ya mitumba aliyoyatoa kwenye belo, lile furushi kubwa la nguo, mama ambaye nimenunua kwake nguo za watoto kwa miaka mingi. Redio ya kibanda cha pili ilikuwa ikitangaza kwamba shilingi imezidi kuimarika dhidi ya dola. Mama aliacha suruali aliyokuwa akiikunja, akanitazama.

"Mwalimu, wewe si hufundisha mambo haya? Dola imeshuka redioni. Mbona belo langu halijashuka? Nani anakula hiyo tofauti?"

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho habari za uchumi hutupa vipande vipande: leo riba ya Benki Kuu, kesho mfumuko wa bei, keshokutwa deni la taifa, na tarehe 14 ya kila mwezi bei ya mafuta kutoka EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Kila takwimu hutangazwa peke yake kama matokeo ya mechi. Ukweli ni kwamba zinashikana, moja ikivutwa nyingine inafuata, lakini hazitembei kwa mwendo mmoja. Kuna inayofika sokoni ndani ya wiki mbili. Kuna inayochukua mwaka mzima. Ukikosa kuona tofauti hiyo ya mwendo, utadhani kila mtu anakudanganya.

Dola ilifikaje 160

Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113. Mwaka ulipoisha ilikuwa imefika 123, na Januari 2024 ikagonga 160. Mambo kadhaa yalikutana hapo.

Machi 2022 benki kuu ya Marekani, ambayo riba yake ilikuwa karibu sufuri, ilianza kuipandisha, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Mtu mwenye pesa nyingi ulimwenguni ana mahali pengi pa kuziweka. Akipata asilimia 5 kwa kuikopesha serikali ya Marekani na kulala usingizi wake wote, hataona haja ya kukesha akiwaza juu ya Nairobi. Kwa hivyo pesa zilirudi makwao, na ili zirudi ilibidi shilingi ziuzwe na dola zinunuliwe. Wakati huohuo vita vya Ukraine, vilivyoanza Februari 2022, vilipandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea, vitu ambavyo sisi hulipia kwa dola. Nao ukame wa misimu mitano ya mvua mfululizo ulikuwa umepunguza chakula chetu wenyewe. Tukahitaji dola zaidi siku zilezile ambazo dola zilikuwa zikitukimbia.

Kisha kukawa na woga. Mwaka 2014 Kenya ilikuwa imekopa dola bilioni 2 katika soko la nje kwa bondi, yaani hati ya deni, ya miaka kumi. Siku ya kuilipa ilikuwa Juni 2024, na mwaka mzima wa 2023 wenye pesa walijiuliza kama serikali itazipata. Mwagizaji anayehisi kwamba dola itapanda hununua zake leo hata kama anazihitaji baada ya miezi mitatu. Anayeuza maua ya Naivasha au parachichi nje naye hazibadilishi haraka. Anaziacha kwenye akaunti akingoja bei nzuri zaidi. Kila mmoja anatunza mali yake, na huwezi kumlaumu. Lakini wakifanya hivyo maelfu kwa pamoja, dola inapotea sokoni na kupanda kufika palepale walipohofia. Mwaka 2023 waagizaji wa Kenya walikuwa wakipimiwa dola kwenye benki kama maji wakati wa mgao.

Aprili 2023 serikali ilianza kuagiza mafuta kwa mkopo wa miezi sita kutoka kampuni za mafuta za Saudia na za Falme za Kiarabu, ili ipunguze mbio za kutafuta dola kila mwezi. Hatua hiyo ilisaidia kupumua. Hata hivyo dola hizo bado zilidaiwa. Zilikuwa zimesogezwa mbele tu.

Ujumbe wa tokeni

Ukitaka kuona jinsi takwimu hizi zinavyoshikana bila kufungua kitabu chochote, nunua tokeni ya stima kisha usome ujumbe wote unaoingia kwenye simu. Wengi wetu husoma zile tarakimu ishirini tu, tukaziingiza kwenye mita, tukaendelea na shughuli.

Chini yake kuna mistari mingine. Kuna mstari wa gharama ya mafuta, kwa sababu sehemu ya umeme wetu hutoka kwa mitambo inayochoma mafuta, na mabwawa yakipungua maji mitambo hiyo huwashwa zaidi. Mafuta yakipanda ulimwenguni, au mvua ikikosa, mstari huo unanenepa. Kuna mstari wa sarafu ya kigeni, kwa kuwa mikopo mingi iliyojenga mitambo na nyaya, na baadhi ya mikataba ya kununua umeme, hulipwa kwa dola na yuro. Shilingi ikidhoofika, mstari huo nao unanenepa, ingawa stima ni ileile ya jana. Kuna mstari wa mfumuko wa bei. Na kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, inayokwenda Hazina ya Kitaifa, ambako sehemu kubwa ya kodi huishia kulipia deni.

Mwenye kisiagi Nyalenda, aliyenunua tokeni ya shilingi 500, anaona jambo moja: mwezi huu yuniti zimepungua. Anapandisha bei ya kusaga gorogoro. Mama aliyepeleka mahindi anamwona yeye ndiye mlafi. Kumbe mzozo wao mdogo pale mlangoni umetoka Washington, Ukraine, na kwenye mawingu yaliyokataa kunyesha juu ya mabwawa ya Seven Forks. Mimi huwapa wanafunzi wangu ujumbe huu kabla ya somo lolote la uchumi wa taifa. Hakuna mchoro wa kitabuni ninaoujua unaoeleza vizuri zaidi.

Huku kwetu magharibi kuna mlango mwingine ambao watu wa Nairobi hawauoni kwa urahisi: mpaka wa Busia. Mahindi, maharagwe na mayai mengi tunayokula hutoka Uganda. Mwanzoni mwa 2022 shilingi yetu moja ilikuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 30 za Uganda. Januari 2024 ilikuwa karibu 24. Mkulima wa upande wa pili hakuwa amepandisha bei hata senti moja, lakini mfanyabiashara wetu alivuka na noti zilezile akarudi na magunia machache kuliko awali. Tunapozungumza juu ya kudhoofika kwa shilingi huwa tunawaza dola tu, na hapo tunasahau kwamba sufuria ya Kisumu inategemea pia sarafu ya jirani.

Riba: dawa ya nini hasa?

Benki Kuu ya Kenya imepewa lengo la kuweka mfumuko wa bei katika asilimia 5, na ruhusa ya kupanda au kushuka kwa 2.5. Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.6. Kamati ya Sera ya Fedha ilikuwa tayari imeanza kupandisha riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 7 mnamo Mei 2022, na iliendelea hatua kwa hatua hadi ikafika 13 Februari 2024.

Maelezo ya kawaida ni haya: riba ikipanda, mikopo inakuwa ghali, watu wanapunguza matumizi, wauzaji wanakosa wanunuzi, bei zinatulia. Kwa nchi ambayo kila mtu ana mkopo wa nyumba na kadi ya benki, maelezo hayo yanatosha. Kwetu yana pengo. Sehemu kubwa ya mfumuko wetu hutoka kwenye chakula na mafuta, na mvua haisikii riba. Sukuma wiki haipungui bei kwa sababu kamati imekutana Nairobi. Muuza omena wa Dunga hakopi benki. Anakopa kwa chama, kwa sako, au kwa simu.

Basi kwa nini riba ipandishwe? Kwa maoni yangu, katika uchumi kama wetu riba hufanya kazi zaidi kupitia shilingi kuliko kupitia mfuko wa mlaji. Angalia Desemba 2023. Mfumuko ulikuwa umekwisha kushuka chini ya asilimia 7.5, ndani ya lengo, lakini kamati ilipandisha riba kwa pointi 2 nzima kwa mkupuo mmoja, kutoka 10.5 hadi 12.5. Kilichokuwa kikiwaka moto wakati huo ni thamani ya shilingi. Riba ya juu ni mwaliko kwa mwenye dola: lete pesa zako hapa, utalipwa vizuri.

Na mwaliko ulikubaliwa. Februari 2024 mambo mawili yalifanyika ndani ya wiki chache. Serikali iliuza nje bondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia pesa hizo kununua mapema sehemu kubwa ya ile ya 2014. Hofu ya Juni ikayeyuka. Kisha ikauza hapa nyumbani bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu, yenye riba ya takriban asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Wawekezaji wa nje walikuja na dola zao kuinunua. Waliokuwa wamelaza dola wakaona bei inashuka, wakakimbia kuuza kabla haijashuka zaidi, na kukimbia kwao kukaishusha tena. Woga uleule uliopandisha dola ndio uliogeuka ukaishusha. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa chini ya shilingi 135, na tangu katikati ya mwaka huo ikatulia karibu 129.

Hii ndiyo habari iliyokuwa ikisomwa kwenye redio ya Kibuye.

Turudi kwa belo

Belo alilolifungua mama Jumapili ile halikuwa la Machi. Mwagizaji aliyelileta alinunua dola mwezi Desemba au Januari, zilipokuwa kileleni. Kontena lilikaa baharini kwa wiki kadhaa, likapita bandari ya Mombasa, likalipiwa ushuru, likapandishwa kwenye lori lililokunywa dizeli ya bei ya Januari, ndipo likamfikia. Tuseme sehemu ya dola katika belo lile ilikuwa dola 100. Kwa bei ya Januari hizo ni shilingi 16,000. Kwa bei ya mwisho wa Machi ni kama 13,200. Lakini yeye alikuwa amekwisha kutoa zile 16,000. Kumwambia apunguze bei kwa sababu redio imesema ni kumwambia agawe mtaji wake.

Kwa nini basi bei hupanda upesi hivyo dola inapopanda? Hapa ndipo watu wengi huhisi wanaibiwa, na naelewa. Sababu ni kwamba dola ikiwa inapanda, mfanyabiashara haangalii belo alilonunua, anaangalia belo atakalonunua. Asipopandisha leo, pesa atakazopata hazitatosha kujaza kibanda tena. Dola ikiwa inashuka, anaangalia alicholipa, kwa maana asipokirudisha anafunga kazi. Wakati wa kupanda, macho yako mbele. Wakati wa kushuka, yako nyuma. Ongeza juu yake mashaka: nani alijua Machi 2024 kama dola itabaki chini? Mwagizaji aliyechomeka miaka miwili mfululizo hawezi kushusha bei kwa habari ya wiki tatu.

Mafuta hufuata mwendo wa aina yake. Bei ya EPRA hupangwa mara moja kwa mwezi kwa hesabu ya shehena zilizokwisha kufika, kwa hivyo unachojaza kwenye tanki leo ni bei ya jana ya dunia na dola ya jana. Nauli ndiyo nzito kuliko zote. Matatu ya kwenda Kakamega hupandisha nauli siku mafuta yanapopanda, lakini mafuta yakishuka hungoja mwenzake ashushe kwanza.

Deni, na kodi inayorudi sokoni

Sasa bili ya dawa. Ile bondi ya zamani ya 2014 ilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Mpya iliyochukua nafasi yake ina 9.75. Na ile ya miundombinu italipwa zaidi ya asilimia 18 kwa miaka minane na nusu, muda mrefu baada ya watu kusahau kwamba shilingi iliwahi kufika 160. Tulinunua utulivu, na nadhani ilibidi tuununue, lakini tuliununua kwa mkopo.

Deni la taifa lilipita shilingi trilioni 10 mwaka 2023, na karibu nusu yake ni la nje. Hapa takwimu mbili hukabana koo. Serikali ikiwa inadaiwa dola bilioni moja, dola ikiwa 113 hilo ni deni la shilingi bilioni 113. Dola ikifika 160, ni bilioni 160. Hakuna aliyekopa, hakuna barabara iliyojengwa, na deni limekua kwa bilioni 47. Ukipandisha riba ili uokoe shilingi, deni la nje linapoa, lakini la ndani linawaka, kwa kuwa kila hati ya hazina, yaani mkopo wa muda mfupi wa serikali, inayouzwa upya inauzwa kwa riba mpya. Yule anayesimamia hesabu hizi haponi pande zote mbili. Anachagua jeraha la kuliziba kwanza.

Riba hizo hulipwa kwa kodi. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitolewa asilimia 8 ikawekwa 16. Septemba 2023 lita ya petroli ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, ikawa 211.64 jijini Nairobi. Tazama mzunguko: shilingi dhaifu inanenepesha deni, deni linaleta kodi, kodi inapandisha mafuta, mafuta yanapandisha nauli na unga, na mfumuko huo ndio Benki Kuu inaoupiga kwa riba ambayo inaongeza tena gharama ya deni.

Mwaka uliofuata mzunguko huo ulifika barabarani. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudiwa kukusanya kodi zaidi kwa sababu hizihizi. Vijana waliandamana nchi nzima, Kisumu na Nakuru zikiwemo, na tarehe 26 Juni Rais akauondoa. Watu walikufa katika maandamano yale. Siwezi kuandika juu ya nakisi ya bajeti nikalipita hilo kana kwamba ni mstari katika jedwali. Julai, Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikashusha daraja la ukopaji la Kenya hadi Caa1, kwa hoja kwamba sasa itakuwa vigumu zaidi kwa serikali kupunguza kukopa. Daraja likishuka, anayekukopesha anadai zaidi. Kijana aliyesema "siwezi kulipa kodi hii" na mkopeshaji aliyesema "sioni utakavyonilipa" walikuwa wakitazama shimo lilelile, kila mmoja kutoka upande wake.

Benki ilipoacha kumwona mwenye duka

Mwanzoni mwa 2022 hati za hazina za siku 91 zilikuwa zikilipa zaidi kidogo ya asilimia 7. Mapema 2024 zilikuwa zimepita 16. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki barabara ya Oginga Odinga. Mbele yako kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetaka mkopo, na pengine atalipa, pengine hatalipa. Nyuma yako kuna serikali inayokupa asilimia 16 ndani ya miezi mitatu bila kukuuliza swali. Haihitaji moyo mbaya kuchagua serikali.

Mwisho wa 2024 mikopo ya benki kwa sekta ya kibinafsi haikukua hata kidogo. Ilipungua ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Sehemu ya mikopo isiyolipwa vizuri ilipita asilimia 16 ya mikopo yote. Na sababu moja ya kutolipwa inatoka serikalini yenyewe. Mkandarasi anajenga zahanati ya kaunti, anaimaliza, anawasilisha bili. Hazina imechelewesha mgao wa kaunti kwa kuwa kodi haikutosha na deni hulipwa kwanza. Bili inakaa. Mkandarasi hamlipi mwenye duka la saruji, mwenye duka haulipi mkopo, benki inaandika mkopo mbaya, na kuanzia hapo inaongeza riba kwa kila mteja ili ijikinge. Mteja mwaminifu analipia zahanati ambayo tayari ina paa na rangi.

Ujenzi ulisinyaa kwa asilimia 0.7 mwaka 2024, na ukuaji wa pato la taifa ukashuka kutoka asilimia 5.7 mwaka 2023 hadi 4.7. Mafundi wa mtaani kwetu hawakuhitaji kuambiwa. Takwimu ya ukosefu wa kazi, kwa upande mwingine, haitakuonyesha hili vizuri. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira Kenya ni ya jua kali, na mtu wa jua kali hafutwi kazi kwa barua. Fundi anakopa pikipiki na kuingia stejini. Kwenye takwimu bado ana kazi. Kwenye steji, wateja walewale sasa wamegawanywa kwa watu wengi zaidi.

Asilimia 2.7 haikumaanisha bei zimeshuka

Oktoba 2024 mfumuko wa bei ulishuka hadi asilimia 2.7, na wengi waliposikia waliuliza ni soko gani hilo. Mfumuko ni mwendo wa gari. Gari likipunguza mwendo halirudi lilikotoka, linaendelea mbele polepole. Kitu cha shilingi 100 kikipanda kwa asilimia 10 kinakuwa 110. Mwaka unaofuata kikipanda kwa 3 kinakuwa kama 113. Tangazo la pili ni zuri kuliko la kwanza, na bado unalipa zaidi. Kama mshahara wako haukusogea katika miaka hiyo miwili, na ukakatwa ada mpya ya nyumba na ya bima ya afya juu yake, unafuu huo hukuuona kabisa.

Kuna jambo jingine ndani ya ile 2.7. Sehemu yake ilikuwa habari njema: mahindi yalikuwa mengi, mbolea ya ruzuku ya shilingi 2,500 kwa gunia ilikuwa imewafikia wakulima wengi, mafuta yalikuwa yamepoa, shilingi imetulia. Sehemu nyingine, naamini, ilikuwa uchovu. Bei zilitulia pia kwa sababu wanunuzi hawakuwa na pesa. Takwimu moja inaweza kubeba afya na ugonjwa kwa wakati mmoja, na mwenye kuitangaza hatazitenganisha kwa ajili yako.

Panda sasa hadi Nandi Hills au Kericho. Chai huuzwa mnadani Mombasa kwa dola, na mkulima hulipwa kwa shilingi. Kilo iliyouzwa kwa dola 2.50 ilileta shilingi 400 dola ilipokuwa 160, na kama 322 ilipokuwa 129. Bonasi ya 2025 ilipopungua, wakulima wa upande huo walikasirika, na shilingi imara ilikuwa mojawapo ya sababu walizopewa. Familia inayotumiwa dola na mtoto aliye Marekani iliona vivyo hivyo: dola 100 zilizokuwa 16,000 zikawa 12,900. Fedha za Wakenya wa ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, kwa hivyo nyumba zinazohusika ni nyingi. Ninapomsikia mtu akisema shilingi imara ni ushindi wa kila Mkenya, huwa namkumbuka mchuma chai.

Jibu nililompa mama

Nilirudi Kibuye Oktoba 2025, na safari hii nilikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba tofauti ile ililiwa kabla belo halijafika kwake. Sehemu ilikwenda kwa aliyeuza dola kwa 160. Sehemu inaendelea kwenda kwa walionunua bondi ya asilimia 18. Naye anailipa kwa njia tatu: kwenye belo, kwenye tokeni, na kwenye kodi ya mafuta ya lori linalomletea mzigo.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza la kwake. "Sasa Benki Kuu imeshusha. Nichukue mkopo niagize mabelo manne, ama ningoje?"

Riba ya Benki Kuu ilikuwa imeshushwa kutoka 13 hadi 9.25 ndani ya miezi kumi na minne. Riba za mikopo ya benki zilikuwa zimetoka karibu 17 zikafika karibu 15. Yaani riba ya Benki Kuu ilishuka kwa pointi karibu nne, na ya mikopo kwa kama mbili tu, nyingine zimenaswa katikati kwa sababu nilizoeleza: benki bado zina madeni mabaya ya kufidia na serikali bado ni mteja wao mkubwa. Nilimwambia pengine zitashuka zaidi, kwa kuchelewa. Nikamwambia pia kwamba utulivu wa dola una miguu yake: mafuta ya bei nafuu ulimwenguni, pesa za watoto wetu walio nje, chai na maua, na akiba ya dola ya Benki Kuu. Aangalie hiyo miguu kuliko dola yenyewe. Aangalie mvua ya Trans Nzoia na ya Uganda, kwa maana mahindi yakipanda wateja wake wataacha nguo kwanza. Na akumbuke kuwa uchaguzi wa Agosti 2027 si mbali, na serikali zinazoelekea uchaguzi hutumia pesa zaidi.

Alihesabu kwa vidole, akampigia simu mwekahazina wa chama chao. Aliagiza mabelo mawili, kwa pesa za chama.